Aibu Ndiyo Inayomlinda Tapeli

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." Simfahamu Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupokea meseji ya aina hiyo. Wengi tunaicheka, tunaipiga picha na kuirusha kwenye grupu la familia, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Lakini kama isingekuwa inalipa, ingeshaacha kutumwa miaka mingi iliyopita. Inalipa kwa sababu tapeli hana haja ya kukufahamu. Anachohitaji ni kwamba kati ya watu wote aliowatumia asubuhi ya leo, awepo mmoja ambaye muda huo huo anasubiri namba ya kutuma hela: mpangaji aliyezungumza na mwenye nyumba jana usiku, mzazi anayedaiwa ada, mfanyabiashara anayemalizia malipo ya mzigo. Kwa mtu huyo meseji haina kituko chochote. Imemkuta simu iko mkononi, kiasi anakijua, anasubiri namba tu.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza kompyuta na mifumo ya mauzo kwenye maduka, mengi yakiwa Kariakoo na mengine pembezoni mwa Dar es Salaam. Watu wakipigwa, yaani wakitapeliwa, mimi huambiwa. Tatizo ni kwamba naambiwa kesho yake, au wiki inayofuata, tena pembeni na kwa sauti ya chini, nikiwa nimekuja kutengeneza printa. "Fundi, hebu nikuulize kitu, ila mzee asijue." Nimeisikia sentensi hiyo kwa vijana wa kaunta, kwa wahasibu wenye shahada, kwa wake za wenye maduka, kwa mama aliyesomesha watoto wake wote kwa biashara hiyo hiyo. Karibu wote waligundua ndani ya dakika chache kwamba wameibiwa, na wote wakanyamaza.

Ukimya huo unaniuma kuliko hela yenyewe, kwa sababu hela mara nyingi ilikuwa bado inaokoleka.

Tazama inavyosafiri. Ukishabonyeza kutuma, inaingia kwenye laini ya kwanza, iliyosajiliwa kwa jina la mtu asiyejua lolote. Kutoka hapo inahamishiwa laini nyingine, wakati mwingine mtandao mwingine kabisa, kisha kuna mtu anasimama mbele ya wakala, pengine mkoa wa mbali, anaitoa. Maadamu bado iko ndani ya mfumo, kampuni ya simu inaweza kuizuia. Ikishakuwa noti mfukoni mwa mtu, imekwenda. Kwa hiyo muda wenye thamani ni ule wa mwanzo kabisa, na ndio huo huo ambao aliyepigwa anaumaliza akijilaumu, akiipiga namba ya tapeli isiyopokelewa, na akitunga atakachosema nyumbani.

"Wajinga ndio waliwao." Tunausema msemo huo mbele ya mtu aliyeliwa, na watoto wake wakisikia. Kwenye jambo hili msemo huo unamfanyia kazi tapeli. Binti aliyemsikia baba yake akimcheka jirani kwa sababu alitumia namba ya siri vibaya, siku yakimfika yeye hatamwambia baba. Atanyamaza, na tapeli atapata saa nzima ya kutoa hela kwa raha zake.

Watu huniuliza: mbona laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, sasa hawa wanapatikanaje? Usajili huo ulianza nchi nzima Mei 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Ni hatua ya maana, na sisemi ilikuwa kazi bure. Lakini simama karibu na mwamvuli wa kijana anayesajili laini stendi au gulioni, uangalie. Mama anatoa namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, anaweka kidole kwenye kile kimashine. "Hakijasoma mama, futa jasho, weka tena." Anaweka tena. "Bado, jaribu kidole kingine." Mama anaondoka na laini moja mkononi akishukuru. Kidole cha pili kinaweza kuwa kimesajili laini nyingine kwa jina lake, na laini hiyo ikauzwa kwa mtu atakayeitumia kuwaliza wengine. Siku polisi wakifuatilia, jina litakalotokea ni la mama huyo. Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa juu kwenye namba zinazofungiwa kwa utapeli, na nimesikia watu wakiwasema vibaya wenyeji wa Sumbawanga na Ifakara kwa sababu hiyo. Tusifike huko. Wengine kati ya wenye majina yale ni wakulima waliowekeshwa vidole mara tatu.

Piga *106# leo. Utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao wako. Ukikuta usiyoitambua, nenda ofisi ya kampuni husika na kitambulisho chako waiondoe, usimwachie mtu wa mwamvulini akusaidie. Na ukisajili laini mpya, kama hakuna ulazima wa kusajilia barabarani, ingia dukani kwao.

Nirudi madukani, maana huko ndiko ninakoona mengi. Hela za simu zimekuwa ndiyo biashara yenyewe tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka 2008. Jumamosi mchana duka la vitenge limejaa. Mteja amechagua doti kadhaa, anasema atalipa kwa simu, anabonyeza bonyeza, kisha anamwonyesha keshia skrini yake: "Imethibitishwa", kiasi, jina la duka, saa, tarehe, kumbukumbu namba. Kila kitu kipo. Keshia ana watu wengine wanne wanaomwita "dada, dada", anaitikia kwa kichwa, mzigo unatoka. Meseji ile aliiandika mteja mwenyewe na kujitumia kutoka laini yake nyingine. Ujanja mwingine ni kuituma kwenye simu ya duka: ukiiangalia haraka inafanana na ya kweli, ila imetoka namba ya kawaida badala ya jina la huduma, na salio lililoandikwa mwishoni halilingani na la duka. Lakini nani anakumbuka salio la duka Jumamosi mchana?

Dawa ni utaratibu wala haihitaji mitambo. Mzigo hautoki kwa kuangalia simu ya mteja, hata mteja awe nani. Unatoka malipo yakionekana kwenye simu ya duka au kwenye menyu ya lipa namba, na simu hiyo iwe juu ya kaunta, isiwe mfukoni mwa bosi aliyekwenda Ijumaa. Jambo hili la mwisho nalisisitiza kuliko yote. Maduka mengi ninayoingia, meseji za malipo zinaingia kwenye simu ya mwenye duka ambaye hayupo, na keshia anatakiwa aamini tu au ampigie. Mara ngapi atampigia kabla hajafokewa kwamba anasumbua? Baada ya hapo anaamini. Kisha akipigwa anakatwa mshahara.

Kuna ule mwingine wa hela iliyokosewa. Inaingia meseji kwamba umepokea laki na nusu, na kabla hujamaliza kusoma simu inaita: "Mama samahani sana, nimekosea namba, ile ni hela ya mgonjwa, yuko wodini, naomba unirudishie." Huko Kenya wameizoea, hadi jina la gereza la Kamiti limegeuka la kuwaitia matapeli wa simu. Usibishane naye na usimtukane. Kata simu, ingia kwenye menyu mwenyewe, angalia salio. Mara nyingi hakuna kilichoingia. Na hata kama kweli imeingia, usiirudishe wewe kwa mkono wako. Mwambie aende kwa kampuni yake ya simu aombe muamala urudishwe, kwa sababu ukimrudishia wewe, naye akaomba kurudishiwa na kampuni, unaweza kutoa mara mbili. Mtu aliyekosea kweli hataona ubaya wa kuambiwa hivyo.

Sasa WhatsApp, ambako tapeli hahangaiki tena na watu asiowajua. Fikiria kamati ya harusi. Grupu lina watu themanini, mhazini anaheshimika, ahadi zimeandikwa na majina yake, imebaki wiki mbili. Mhazini anapata meseji kutoka kwa mjumbe mwenzake: "Dada, kuna code ya tarakimu sita nimeituma kwako kwa bahati mbaya, nisaidie." Namba ni ya mjumbe kweli, picha ni yake, anamwita kwa jina kama siku zote. Asichojua ni kwamba akaunti ya mjumbe ilishachukuliwa tangu asubuhi. Anazituma tarakimu zile, na dakika hiyo hiyo WhatsApp yake inajifunga na kufunguka kwenye simu ya mtu mwingine. Jioni grupu linapata tangazo: "Ndugu wanakamati, namba ya michango imebadilika kutokana na tatizo la mtandao, tumieni hii." Nani atamuuliza mhazini maswali? Watu wanatuma. Wanaochelewa wanakumbushwa kwa upole, mmoja mmoja, kwa majina.

Zile tarakimu sita ndizo ufunguo wa akaunti yako. Hazitumwi kwa mtu mwingine kwa bahati mbaya hata siku moja. Zikija kwenye simu yako bila wewe kuziomba, maana yake kuna mtu anajaribu kuingia na namba yako. Hakuna mtu wa WhatsApp, wa benki wala wa kampuni ya simu mwenye haja ya kuzijua. Ukitaka ulale usingizi, fungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba yako ya siri ya pili ambayo tapeli hatakuwa nayo hata akizipata zile sita. Fanya sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana ukisema baadaye hutafanya. Na kama umeshachukuliwa, futa programu, isakinishe upya, jisajili kwa namba yako, weka tarakimu mpya zitakazokuja: yeye atatolewa. Kama aliweka namba yake ya siri ya hatua mbili, utalazimika kusubiri siku saba ndipo uingie, lakini ukishaweka zile tarakimu naye huko aliko ameshatoka. Wakati unasubiri, piga simu za kawaida kwa watu watano wenye midomo na uwaombe watangaze kwenye magrupu yote.

Mwingine atakupigia akijifanya mtu wa mtandao, akuombe ubonyeze nyota nyota ishirini na moja nyota, kisha namba fulani, kisha alama ya reli (#), eti kuongeza kasi ya intaneti. Hapo unakuwa umeelekeza simu zako zote ziende kwake, na tarakimu za uthibitisho anaweza kuomba zisomwe kwa kupigiwa. *#21# inakuonyesha kama simu zako zimeelekezwa kwingine, na ##002# inafuta yote. Kumbuka pia kwamba kampuni za simu hapa nchini zimeshatangaza mara nyingi kuwa huduma kwa wateja hupiga kwa namba 100 peke yake.

Kuna mahali pengine ambapo sijaona watu wakipasemea, nako ni steshenari. Kijana anataka kuchapisha barua ya maombi ya kazi, iko kwenye simu. Dada wa steshenari anafungua WhatsApp ya kompyuta, kijana anaskani, faili linachapishwa, analipa, anaondoka. WhatsApp yake inabaki wazi kwenye kompyuta ile, na mtu yeyote atakayekaa pale anaweza kusoma mazungumzo yake yote na kuandika kwa jina lake. Nimekaa kwenye kompyuta za namna hiyo kuzitengeneza, nikakuta barua pepe za watu zimeachwa wazi, vyeti, nakala za vitambulisho vya NIDA vya mtaa mzima kwenye folda moja la mezani. Dada wa watu hana nia mbaya, hakuna aliyemfundisha kufuta. Ukitoka steshenari, simama mlangoni, fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uondoe usivyovitambua. Na nakala mbaya za kitambulisho chako zilizotoka na wino hafifu zichane mwenyewe. Nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye nakala ya kitambulisho cha mtu, jina, namba na picha vyote vinasomeka.

Kwa nini namba ya kitambulisho ni kitu cha kulindwa? Kwa sababu nayo inaweza kutumika kuomba laini yako ifufuliwe kwenye kadi nyingine, hasa kama kuna mtu wa ndani anayeshirikiana nao. Dalili yake ni mtandao kupotea ghafla wakati wenzako wa mtandao huo huo wanao. Wengi huzima simu na kuwasha, kisha hulala wakisema mtandao unasumbua. Wakiamka akaunti ni nyeupe. Mtandao ukipotea hivyo, azima simu ya jirani, piga 100 usiku huo huo, na benki pia. Kule Kenya, wateja wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini zao zisifufuliwe kwa wakala bila wao kufika dukani, na ningependa kila kampuni ya hapa iwe na kitu kama hicho, kitangazwe kama wanavyotangaza vifurushi.

Kwenye familia, wazee ndio wanaotafutwa zaidi, hasa wastaafu. Anapigiwa na "afisa wa Hazina" anayelijua jina lake lote na mwaka aliostaafu, anaambiwa mafao yake yana nyongeza, ila kuna ada ndogo ya kushughulikia faili. Sauti ina adabu: shikamoo mzee, pole na kazi. Mzee aliyefundisha shule miaka thelathini amezoea serikali imwite akaitike. Ukimkaripia baadaye kwa nini hakujua, umempoteza. Nyumbani tulikubaliana jambo moja na wazee wetu: simu yoyote inayotaja hela, hata iwe ya kupewa, jibu ni "nitamuuliza mwanangu nikupigie." Basi. Hawahitaji kumtambua tapeli, ambayo ni kazi ngumu hata kwangu mimi. Wanahitaji sentensi hiyo tu.

Vijana wana mtego wao wa mikopo ya programu za simu. Unaiweka, unaruhusu isome namba zako zote, unapata elfu hamsini. Ukichelewa kulipa, mama mkwe, bosi na mchungaji wanapata meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu na umewaweka kuwa wadhamini. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo imeunda tume ya kupokea malalamiko. Hapa pia silaha ni aibu ile ile, tena safari hii inatumika waziwazi. Kijana anakopa kwenye programu ya pili kulipa ya kwanza ili tu mama mkwe asijue.

Nije kwa wafanyabiashara wakubwa kidogo, wanaoagiza mzigo Guangzhou, Yiwu, Dubai au Uturuki. Hapa tapeli hana papara. Anaingia kwenye barua pepe ya muuzaji wa kule au ya mhasibu wa huku, kwa nenosiri lililovuja au linki iliyobonyezwa, na anakaa kimya wiki nzima akisoma. Anajua kontena lipi linatoka lini, ankara ni kiasi gani, mnaitana vipi. Siku ya malipo inapofika, inakuja barua katika mazungumzo yale yale: benki yetu inakaguliwa, tafadhali tumia akaunti hii mpya. Nembo ni ile ile, sahihi ni ile ile, na anwani wakati mwingine imebadilishwa herufi moja tu. Mhasibu anatuma dola elfu arobaini kwa mtu asiyemjua, na muuzaji halisi wiki mbili baadaye anauliza hela iko wapi.

Ukitaka kujua uzito wa jambo hili, tazama hesabu za FBI za mwaka 2023. Hasara zilizoripotiwa Marekani kwa utapeli huu wa barua pepe za biashara zilikuwa kama dola bilioni 2.9. Zilizoripotiwa kwa virusi vya kudai fidia, vile vinavyofunga mafaili ya kompyuta hadi ulipe, ambavyo ndivyo vinavyojaza magazeti, zilikuwa kama dola milioni 60, ingawa hesabu hiyo haihusishi muda wa kazi unaopotea mifumo ikiwa imefungwa. Ramon Abbas, yule Mnigeria aliyejulikana Instagram kwa jina la Hushpuppi, alikuwa akionyesha magari na ndege Dubai huku sehemu ya hela ikitoka kwenye utapeli wa aina hii. Alikamatwa huko Juni 2020, na Novemba 2022 mahakama ya Marekani ikamhukumu zaidi ya miaka 11.

Siku hizi hata sauti na sura haviaminiki. Mapema mwaka 2024 mfanyakazi wa kampuni ya Arup, Hong Kong, alihamisha kama dola milioni 25 baada ya mkutano wa video ambao "wakubwa" wake walioonekana walikuwa wametengenezwa na kompyuta. Sasa fikiria keshia wa Kariakoo anayepokea ujumbe wa sauti wa bosi WhatsApp: "Mtumie huyu fundi milioni mbili haraka, niko kikaoni usinipigie." Neno "usinipigie" peke yake lilitosha kuwa kengele. Kwa biashara ninazozihudumia nimeomba iwe sheria: akaunti au namba ya malipo ikibadilika, hailipwi mpaka mtu apige simu kwa namba ya zamani iliyoandikwa kwenye daftari, sio ile iliyo kwenye barua mpya, na kiasi kikubwa kipite mikono miwili. Anayepiga kuhakiki asikaripiwe, hata kama bosi alikuwa kikaoni kweli.

Kuhusu virusi vya kudai fidia nitasema kwa kifupi. Aprili 2023 Naivas, maduka makubwa ya Kenya, walitangaza kwamba wameshambuliwa, kwa hiyo sio mambo ya Ulaya. Lakini maduka ninayoyafahamu yanaangushwa na kitu kidogo zaidi: Windows isiyo na leseni ambayo haijasasishwa tangu ilipowekwa, na flashi inayozunguka kutoka steshenari hadi kompyuta ya mauzo. WannaCry, mojawapo ya virusi hivyo, ilipoenea Mei 2017 na kufunga kompyuta katika nchi kama 150, Microsoft, wenye Windows, walikuwa wametoa kiraka, yaani sasisho la kuizuia, tangu Machi. Miezi miwili ilitosha kwa aliyesasisha. Cha kufanya: sasisha, nakili hesabu za duka kila siku kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Naisema tena, uichomoe, kwa sababu diski iliyobaki imechomekwa inafungwa pamoja na kompyuta.

Na ukishapigwa? Piga 100 muda huo huo, toa namba ya muamala, omba hela izuiwe. Kenya, mteja wa Safaricom aliyekosea kutuma hupeleka meseji ya muamala 456, na meseji za matapeli huzipeleka 333. Hapa kwetu namba ya tapeli ipeleke 15040. Kama benki imeguswa, piga benki. Usifute meseji hata kama zinakuudhi kuziona, piga picha kila kitu, kisha nenda polisi uchukue RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kwa sababu bila hiyo kampuni hazitatoa taarifa za mtu mwingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Polisi wengine watakuuliza ulikuwa na akili gani. Nasema kwa uchungu kabisa kwamba swali hilo halina kazi yoyote kwenye dawati la malalamiko, na anayeliuliza anawapunguzia matapeli kesi.

Wenye maduka nimebaki nao kwenye ubishi mmoja ambao haujaisha. Nawaomba waweke kwa maandishi kwamba mfanyakazi aliyetapeliwa akasema ndani ya dakika kumi hakatwi hata shilingi. Mzee mmoja wa vifaa vya umeme alinijibu kwamba basi kila mtu atajifanya ametapeliwa. Nikamwambia atumie utaratibu wa kuhakiki kwanza: aliyeufuata na bado akapigwa hana kosa, na asiyeufuata aonywe kwa hilo, sio kwa hela. Alifikiri, akasema ataona. Wiki chache baadaye keshia wake alilipia namba iliyobadilika, akashtuka, akamwambia hapo hapo mbele ya wateja. Walipiga simu wakiwa bado wamesimama kaunta. Sehemu kubwa ya hela ilikutwa haijatolewa. Karatasi yenye maneno yale sasa imebandikwa nyuma ya kaunta, chini ya kalenda, na kuna duka la jirani wamekuja kuipiga picha.